Mtoto Aliyefutwa: "House of the Dragon" Ilivyomnyang'anya Helaena Uchaguzi Wake

Uamuzi mbovu kuliko yote katika tamthilia ya House of the Dragon haukufanyika vitani wala mbele ya Kiti cha Chuma. Ulifanyika kwenye meza ya waandishi, kabla kamera haijawashwa, pale walipoamua kumfuta Maelor, mtoto wa tatu wa Mfalme Aegon na Malkia Helaena. Kitabuni Maelor ana miaka miwili. Hahutubii baraza, hapandi joka, hapangi njama. Anayepitia orodha ya wahusika wa Fire & Blood akitafuta wa kupunguza atamwona huyu mapema, na bila shaka ndivyo ilivyokuwa. Matokeo yake tuliyaona tarehe 16 Juni 2024, msimu wa pili ulipofunguliwa kwa "A Son for a Son". Kipindi kilifika kwenye tukio ambalo kila msomaji wa kitabu alilingoja kwa hofu, kikatuonyesha mauaji, kikasahau kilichoyafanya mauaji hayo yasisahaulike.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, kipindi kikirushwa Marekani Jumapili usiku, huku kwetu ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Jua la siku ile lilipochomoza mashabiki walikuwa wameshagawanyika. Wasiosoma kitabu walisema wametishika. Waliosoma walisema kuna kitu kimepungua, na wengi wao wakaambiwa wanalalamika kwa mazoea, kwamba msomaji haridhiki mpaka kila ukurasa uonyeshwe. Sikubaliani na shutuma hiyo. Wasomaji walikuwa sahihi, na usahihi wao unaweza kuonyeshwa kiufundi, hatua kwa hatua.

Tuanze na tukio lilivyojengwa kitabuni. Wauaji wawili, Blood na Cheese, wanapenya kupitia njia za siri za ngome ya Red Keep hadi kwenye vyumba vya Alicent, mama yake Helaena, katika Mnara wa Mkono. Wanamuua mtumishi wake, wanamfunga Alicent na kumziba mdomo, kisha wanasubiri. Wanajua kwamba kila jioni Helaena huwaleta watoto wamsalimu bibi yao. Anaingia na wote watatu: Jaehaerys na Jaehaera, pacha wa miaka sita, na Maelor mdogo. Mlango unafungwa nyuma yao. Wauaji wanasema wamekuja kulipiza kifo cha Lucerys, mwana wa Rhaenyra anayegombea kiti na Aegon, mtoto wa kiume kwa mtoto wa kiume, na kwamba watachukua mmoja tu. Helaena ana wana wawili. Achague, la sivyo wote watauawa. Anatoa uhai wake mwenyewe, wanaukataa. Mwishowe, akiwa amepiga magoti analia, anamtaja Maelor. Cheese anamwinamia mtoto na kumwambia kwamba mama yake anataka afe. Halafu Blood anamkata kichwa Jaehaerys.

Angalia kazi iliyofanyika hapo. Pigo la kwanza ni swali lenyewe, ambalo hakuna mama anayestahili kuulizwa. Pigo la pili ni jibu, kwa kuwa Helaena analijibu, na kwa kulijibu anakuwa na mkono katika dhambi ambayo si yake. Pigo la tatu ni kugeuziwa jibu, hivyo hata kile alichokitoa ili kuokoa kingine hakikupokelewa. La nne ndilo zito kuliko yote, maana linaendelea baada ya wauaji kuondoka: mtoto aliyetajwa yuko hai. Atakua. Kila Helaena akimtazama Maelor anayaona maneno aliyoyasema. Ndiyo maana kitabuni hawezi tena kumtazama, mtoto akalelewa na Alicent, naye malkia akaacha kula, akaacha kuoga, akajifungia gizani. George R. R. Martin, mwandishi wa kitabu, alihitaji kurasa chache tu, na ndani yake alipanda mbegu ya mambo makubwa yatakayotokea hadi mwisho wa vita.

Sasa tazama tulichopewa kwenye televisheni. Blood na Cheese wanamtafuta Aemond, ndugu yake Aegon, hawamwoni. Wanazurura ndani ya ngome, wanamkuta Helaena na pacha wake wawili wamelala. Tatizo lao ni moja tu: hawajui yupi kati ya watoto hao ni wa kiume. Helaena anawapa mkufu wake, wanaukataa. Anawaonyesha mtoto wa kiume. Wanashuku kwamba anadanganya, wanahakikisha, wanaua.

Swali la tukio zima limebadilika, na hapa ndipo ufundi ulipokufa. Kitabuni swali ni "utamtoa yupi?" Kwenye televisheni ni "yupi ni yupi?" La kwanza linamtaka mama aamue. La pili linamtaka atoe taarifa, taarifa ambayo muuaji angeipata mwenyewe kwa kufunua blanketi. Kwa kuwa walikuja kutaka mtoto wa kiume, na wa kiume ni mmoja, hakuna kilichobaki cha kuchagua. Helaena amegeuzwa shahidi wa msiba wake mwenyewe, na shahidi hata akiumia vipi habebi mzigo unaobebwa na aliyetamka hukumu.

Wako mashabiki wanaotetea kwamba uchaguzi upo, kwamba angeweza kudanganya na kumtoa binti, na kwamba kusema kwake kweli ni kumtoa mwana ili kumwokoa binti. Nimeipima hoja hiyo kwa makini, maana ndiyo bora kati ya zote za upande ule. Haisimami. Uongo huo ungedumu kwa dakika moja, na tukio lenyewe linatuonyesha hivyo pale wauaji wanapohakikisha. Njia ambayo imezibwa mbele ya macho ya mtazamaji haiwezi kuhesabiwa kuwa mojawapo ya njia mbili. Zaidi ya hayo, hakuna anayebaki hai akiwa na jeraha la kutajwa. Jaehaera hakutajwa. Hakuna wa kumtazama Helaena kesho yake na kumkumbusha kitu.

Kisha kuna namna tukio lilivyofungwa. Helaena anambeba Jaehaera, anashuka ngazi, anaingia chumbani kwa mama yake na kumkuta kitandani na Ser Criston Cole wa Kingsguard. Kitabuni Alicent amefungwa kamba na anaona yote. Yeye ndiye macho yetu, na msiba unamwingia kama bibi na kama malkia. Kwenye televisheni ameondolewa chumbani mwa mauaji na kuwekwa kwenye aibu ya faragha. Sekunde za mwisho za kipindi, ambazo ndizo mtazamaji huenda nazo kulala, zilipaswa kuwa za Helaena. Zimegawanywa na fumanizi. Tunaondoka tukiuliza Alicent atajieleza vipi, wakati mtoto bado hajapoa.

Nasema haya huku nikikiri kazi nzuri iliyomo. Phia Saban alimwigiza Helaena kwa utulivu unaoumiza, hofu yake ya panya ilitangulizwa vizuri, na uamuzi wa kuacha sauti itueleze kile ambacho kamera haikukionyesha ulikuwa wa mtu anayeijua kazi yake.

Na anaijua kweli, maana mwongozaji ni Alan Taylor. Huyu ndiye aliyeongoza "Baelor" mwaka 2011, kipindi cha tisa cha msimu wa kwanza wa Game of Thrones, ambacho mpaka leo ndicho kipimo changu kila mtu anapokatwa kichwa kwenye tamthilia ya aina hii. Kumbukeni Ned Stark anavyopelekwa jukwaani, anamwona binti yake Arya kwenye sanamu, na akimpita Yoren anamtamkia jina moja tu: Baelor. Hilo halimo kitabuni. Kitabuni Yoren anamkamata Arya bila kutumwa na Ned. Waandishi wa televisheni waliongeza neno moja, na neno hilo likawa sababu: baba anayekwenda kufa anatumia pumzi zake za mwisho kumwokoa binti yake. Watu walewale walioshtushwa na upanga walipata pia kitu cha kushikilia. Hivyo ndivyo kitabu kinavyobadilishwa na mtu anayekielewa. Mwongozaji yuleyule, miaka 13 baadaye, alikabidhiwa mswada ulioondoa sababu, na hakuna pembe ya kamera inayoweza kurudisha kisichoandikwa.

Msinielewe kwamba nadai kitabu kisiguswe. Fire & Blood, kilichotoka mwaka 2018, kimeandikwa kama tarihi ya Archmaester Gyldayn, anayewategemea Mushroom, Eustace na Munkun, wasimuliaji wanaopingana katika mengi. Nafasi ya kubuni humo ni kubwa kuliko katika riwaya ya kawaida, na msimu wa kwanza uliitumia vyema. Mfalme Viserys wa Paddy Considine anayejikokota kuelekea kwenye kiti katika kipindi cha nane ni mkubwa kuliko Viserys wa kitabuni. Hata Harusi Nyekundu ya Game of Thrones, mwaka 2013, ilibadilishwa. Kitabuni mke wa Robb, mwana wa Ned, ni Jeyne Westerling, na hakuwepo siku ile kwenye ngome ya Twins. Televisheni ikamleta Talisa, ikampa mimba, ikamketisha mezani. Wasomaji tulinung'unika kabla, baadaye tukanyamaza, kwa sababu kiini kilibaki palepale: Robb alivunja ahadi yake ya ndoa kwa Walder Frey, na ahadi iliyovunjwa ikadai malipo. Walibadilisha mtu wakaacha sababu. Mwongozaji David Nutter akapata kitu cha kuongoza.

Ugonjwa wa kukata sababu na kubakiza matokeo si mpya katika nyumba hii, na wanaonisoma wanajua nitaelekea wapi. Tysha. Sitachoka kumtaja. Katika A Storm of Swords, Jaime anapomtoa ndugu yake Tyrion gerezani anamkiria kwamba Tysha hakuwa kahaba aliyelipwa, bali msichana aliyempenda kweli, na kwamba uongo ule uliamriwa na baba yao. Ndiyo sababu Tyrion, mwenye njia ya kutorokea mbele yake, anapanda juu kumtafuta baba huyo, Tywin. Televisheni ilishalipanda jambo hili katika "Baelor" hiyohiyo, Tyrion akiwasimulia Bronn na Shae usiku kabla ya vita. Msimu wa nne ulipofika tamati, mwaka 2014, Jaime na Tyrion walikumbatiana, wakaagana kwa upendo, kisha Tyrion akageuka na kwenda kumuua baba yake. Kwa nini alipanda ngazi zile? Kipindi hakikusema. Waigizaji Charles Dance na Peter Dinklage waliibeba siku ile kwa vipaji vyao, na watu wakapiga makofi. Lakini tangu pale Tyrion wa televisheni hakupata tena uchungu ule uliomsukuma kwenye kitabu, akawa mtu wa kutoa ushauri unaoshindwa, msimu baada ya msimu. Na mwaka 2019 Daenerys alipouchoma mji ambao kengele zake zilikuwa zimeshalia, tuliona ugonjwa uleule ukiwa umeenea mwili mzima.

Utetezi unaotajwa sana kuhusu Maelor ni wa bajeti na ugumu wa kufanya kazi na watoto wadogo. Ni kweli kwamba mtoto wa miaka miwili hafuati maelekezo, na saa zake za kazi zina mipaka. Ni kweli pia kwamba tamthilia iliubana muda, hivyo watoto wa Aegon wakawa wadogo kuliko wa kitabuni, na nafasi ya kumweka mdogo wao ikawa finyu. Lakini Maelor hahitaji kuigiza. Anahitaji kuwa kitandani, amelala, amefunikwa. Maneno ya Cheese yangeweza kunong'onwa kwenye sikio la mtoto aliye usingizini, na yangetisha zaidi. Mtoto wa Gilly alibebwa mikononi kuanzia msimu wa tatu hadi wa nane wa Game of Thrones, akapitishwa kwenye theluji na kwenye meli, na hakuna aliyesema ameshindikana. Msimu wa kwanza wa House of the Dragon uliripotiwa kugharimu karibu dola milioni 20 kwa kila kipindi. Tamthilia yenye uwezo wa kumrusha joka Vhagar angani haiwezi kuniambia ilishindwa na kitanda cha mtoto.

George R. R. Martin mwenyewe aliliandika jambo hili hadharani mwanzoni mwa Septemba 2024, na maandishi yake yakaondolewa muda mfupi baadaye. Hakuandika kwa pupa. Alieleza kwamba Ryan Condal, msimamizi mkuu wa tamthilia, alipomletea wazo hilo mara ya kwanza alipinga bila kukaza sana, kwa kuwa alizielewa sababu za kiutendaji, na kwa kuwa alielewa kwamba Maelor angezaliwa baadaye. Alipobaini kwamba mtoto hatakuwepo kabisa, ndipo alipohesabu hasara. Kwa hesabu hiyo mzee alikuwa anawafundisha kazi, na ilipasa asikilizwe.

Tuifuate hesabu hiyo. Kitabuni King's Landing inapoangukia mikononi mwa Rhaenyra, Larys Strong anawatorosha watoto wa Aegon. Maelor anakabidhiwa Ser Rickard Thorne wa Kingsguard ampeleke kwa jeshi la Hightower. Wanatambuliwa Bitterbridge, umati unawavamia, mtoto anauawa kwa namna ya kutisha. Daeron, ndugu mdogo wa Aegon, anaiteketeza Bitterbridge kwa kisasi, na mwanamfalme aliyesifiwa kwa upole anaonyesha upande wake mwingine. Habari zinamfikia Helaena, aliyewahi kumtaja mtoto huyohuyo, naye anajirusha dirishani kutoka Maegor's Holdfast. Mji uliompenda unaambiwa kwamba ameuawa, ghasia zinaripuka, na ghasia hizo ndizo zinazofika mpaka Dragonpit na kuua majoka. Toka kwenye neno moja la mama chumbani hadi kuanguka kwa utawala wa Rhaenyra, hatua zote zimeungana. Waswahili walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Ubao mmoja ukitolewa chini, maji hayaulizi kama ulikuwa mdogo.

Na dalili zilionekana kabla msimu wa pili haujaisha. Helaena wa kitabuni wakati huo ameshavunjika. Helaena wa televisheni anamsamehe mama yake katika kipindi cha tatu, na katika kipindi cha nane anasimama mbele ya Aemond na kumtabiria kifo chake kwenye ziwa la God's Eye bila sauti kutetemeka. Katika familia nzima yeye ndiye mwenye akili iliyotulia kuliko wote. Mwanamke huyo akija kujirusha dirishani, atakuwa anatekeleza alichoandikiwa mtu mwingine kitabuni, mwenye mzigo mwingine.

Tatizo hili lina mzizi. Waandishi wa tamthilia hii wanaogopa kumwacha mtu atende ovu kwa hiari yake. Katika "The Black Queen" Aemond hamuui Lucerys. Joka lake Vhagar ndiye anayekataa kutii. Alicent hanyakui kiti kwa ajili ya mwanawe. Anayasikia vibaya maneno ya mwisho ya Viserys. Daemon, mume wa Rhaenyra, anapoulizwa na Cheese itakuwaje wasipompata Aemond, picha inakatwa kabla hajajibu, na hadi leo watu wanabishana aliagiza nini. Kitabuni anaandika wazi kwamba Lucerys atalipwa kwa mtoto wa kiume. Ukiyaweka pamoja, vita kubwa kuliko zote za ukoo wa Targaryen, Dance of the Dragons, imegeuka mfululizo wa ajali na kutoelewana kati ya watu ambao, laiti wangezungumza vizuri, wangeelewana. Ndipo tukapelekewa Rhaenyra na Alicent wakinong'ona hekaluni katika kipindi cha tatu, kana kwamba mtoto aliyezikwa juzi alikuwa kosa la mawasiliano. Kumwondoa Maelor kulikuwa sehemu ya woga huo. Ilibidi Helaena naye asiwe na la kujutia, kama wenzake.

Lakini hadithi ya Dance of the Dragons ina uzito kwa sababu watu wake wanachagua, wanajua wanachochagua, na wanakilipia. Ned alichagua kukiri uhaini wa uongo ili binti zake waishi. Robb alichagua. Catelyn alishika kisu akachagua. Hao ndio waliotufanya tukae macho alfajiri miaka ile, na si majoka wala theluji.

Kwa hiyo anayebadilisha riwaya kuwa tamthilia na akate anachotaka, lakini asimpime mhusika kwa idadi ya maneno anayosema. Ampime kwa mambo yatakayokosa sababu akiondoka. Maelor alipimwa kwa maneno. Nanyi mliotazama bila kusoma, kitafuteni Fire & Blood, msome kurasa zile chache za jioni ya Blood na Cheese, kisha mrudie "A Son for a Son". Kitabu kilimlazimisha mama kuchagua kati ya wana wawili. Televisheni ilimpa mmoja, ikamwambia amwonyeshe kwa kidole. Huo ulikuwa uamuzi mbaya, na hakuna joka litakaloufidia.